Mwalimu wa Michezo na Jeraha Lisiloonekana

Mwalimu wa shule ya msingi huajiriwa kufundisha Hisabati au Kiswahili, lakini aghalabu kabla hajamaliza muhula wake wa kwanza hukabidhiwa filimbi. Haulizwi kama anaujua mchezo. Yatosha kwamba ni kijana, ana mapafu mazima, na mashindano ya UMITASHUMTA yamekaribia. Tangu siku hiyo yeye ndiye mwalimu wa michezo, ndiye mwamuzi wa mazoezi, ndiye mtoaji wa huduma ya kwanza, tena ndiye mzazi wa watoto walio mbali na macho ya wazazi wao. Hivyo ndivyo ilivyo katika shule nyingi za Tanzania, wala haielekei kwamba hali hiyo itabadilika upesi. Shule za msingi za nchi hii zimepita 17,000, na Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, mkoani Mwanza, hata kingefanya kazi usiku na mchana, hakiwezi kuipatia kila shule mtaalamu wake.

Kwa sababu hiyo twaona kwamba afya ya mtoto uwanjani si jambo la kuachiwa wataalamu wa michezo peke yao. Ni jambo la vyuo vya ualimu na la kila mwanachuo. Katika makala haya tutazungumzia majeraha mawili ambayo jicho haliyaoni, yaani mtikisiko wa ubongo na majeraha ya akili na moyo wa mtoto. Tunayaweka pamoja kwa makusudi. Rai yetu ni kwamba majeraha yote mawili hayajulikani vema mpaka mtoto mwenyewe aseme, na mtoto husema au hunyamaza kwa kadiri mwalimu wake alivyomzoeza. Kwa hiyo mafunzo tunayoyadai hapa, ingawa yana chembe ya elimu ya tiba ndani yake, kwa asili ni mafunzo ya ualimu.

Mtikisiko wa ubongo

Ubongo ni kiungo laini kilichomo ndani ya fuvu gumu. Mtoto anapogongana kichwa na mwenziwe, anapoanguka chali juu ya ardhi kavu, au hata anapopigwa kikumbo cha mwilini ambacho hukitingisha kichwa kwa ghafla, ubongo hutikisika na kazi ya seli zake huvurugika kwa muda. Kwa kawaida fuvu halipasuki, damu haitoki, na hata picha inayopigwa hospitalini huenda isionyeshe kitu. Watu wengi hudhani kwamba aliyeumia ubongo ni lazima azirai. Sivyo. Walio wengi hawazirai kamwe. Huinuka, hujipangusa vumbi, na kuendelea kukimbia.

Hata hivyo dalili zipo kwa mwenye kuzitafuta. Mtoto hutazama kama mtu aliyeamshwa usingizini. Huyumba, hushika kichwa, hujibu polepole, huuliza jambo lile lile mara mbili, au husahau timu yake inashambulia goli lipi. Mwenyewe huenda akasema kwamba kichwa kinamuuma, anasikia kichefuchefu, anaona ukungu, au mwanga wa jua unamchoma macho. Pengine atasema tu kwamba hajisikii sawa. Dalili nyingine hazitokei papo hapo, bali huchelewa kwa saa kadhaa, hata siku moja au mbili. Tena ikumbukwe kwamba kichwa cha mtoto ni kikubwa kulinganishwa na mwili wake, shingo yake haijapata nguvu, na ubongo wenyewe ungali unakua.

Mtikisiko uliotunzwa vizuri hupona kwa watoto walio wengi katika muda wa majuma machache. Hatari iliyo kubwa zaidi ni pigo la pili lijapo kabla ya lile la kwanza kupona. Hapo yaweza kutokea, ingawa ni kwa nadra, kwamba ubongo ukavimba kwa kasi na uhai ukawa mashakani katika muda wa dakika chache. Balaa hilo limewapata zaidi watoto na vijana kuliko watu wazima. Ndiyo maana desturi ya viwanja vingi, ya kummwagia mtoto maji kichwani, kumpigia makofi na kumrudisha mchezoni, ni desturi ambayo hatuna budi kuiacha.

Mafunzo yaliyolipiwa ghali

Mwezi wa Oktoba 2006, katika jimbo la Washington nchini Marekani, kijana wa miaka 13 aitwaye Zackery Lystedt alikuwa akiichezea shule yake mpira wa Kimarekani. Muda mfupi kabla ya mapumziko aligonga kichwa chini. Alipumzishwa kidogo, kisha akarudi kucheza mpaka mwisho. Mara mchezo ulipokwisha akaanguka. Madaktari walimpasua wakaokoa maisha yake, lakini ilimchukua muda mrefu kujifunza upya kusema, na muda mrefu zaidi kuweza kusimama. Mwaka 2009 jimbo hilo lilipitisha sheria iliyopewa jina lake. Sheria hiyo ina mambo matatu: walimu wa michezo, wachezaji na wazazi wafundishwe juu ya mtikisiko wa ubongo, mchezaji anayeshukiwa kuumia atolewe mara moja, na asirudi mpaka mganga mwenye ujuzi huo atoe idhini kwa maandishi. Kufikia mwaka 2014 majimbo yote 50 ya Marekani yalikuwa na sheria ya namna hiyo.

Mwaka 2011 kijana wa miaka 14 huko Ireland ya Kaskazini alipigwa kichwani zaidi ya mara moja katika mechi ya raga ya shule, akaendelea kucheza, akaanguka uwanjani, akafa. Uchunguzi wa kisheria uliofanyika mwaka 2013 ulithibitisha kwamba aliuawa na pigo lililofuata juu ya ubongo uliokwisha kuumia. Baadaye, mwezi wa Aprili 2023, Uingereza ilitoa mwongozo mmoja kwa michezo yote isiyo ya kulipwa, za shule zikiwamo. Kiini chake chaweza kusemwa kwa maneno machache: ukiwa na shaka, mtoe. Anayeshukiwa hacheza tena siku ile, hata kama atasema amepona, na harudi katika mashindano kabla ya siku 21 kupita.

Hatutaji habari hizi kwa kuwalaumu watu wa nchi za mbali. Twazitaja kwa sababu zina fundisho. Viwanja hivyo havikukosa watu wazima, wala havikukosa watu waliowapenda watoto wale. Kilichokosekana ni maarifa ya kulitambua jeraha, pamoja na kanuni iliyotungwa mapema ya kumtoa mchezaji bila mjadala. Mambo hayo mawili hayanunuliwi dukani. Shule ya kijijini yaweza kuwa nayo sawasawa na shule ya London.

Yafaa kuongeza neno moja juu ya kupiga mpira kwa kichwa. Chama cha soka cha Marekani kilipiga marufuku jambo hilo mwaka 2015 kwa watoto wa miaka 10 na walio chini yake. Mwaka 2020 vyama vya England, Scotland na Ireland ya Kaskazini vikaliondoa katika mazoezi ya watoto wa shule za msingi. Hatuna haja ya kungoja agizo ndipo tufikiri. Mwalimu wa darasa la tatu hapotezi kitu akiwafundisha watoto pasi, chenga na kutuliza mpira kwa mguu, akaacha zoezi la kuwapanga mstari ili warukie mpira kwa vichwa.

Sifa ya kujikaza

Watoto wetu hulelewa kusifu ustahimilivu, na malezi hayo ni mema. Kila mwanafunzi wa Tanzania anastahili kusimuliwa habari za John Stephen Akhwari, ambaye tarehe 20 Oktoba 1968, mjini Mexico City, alianguka katika mbio ndefu za marathoni, akaumia goti, akafungwa bendeji, na bado akaendelea hadi akamaliza, wa mwisho, wakati wenzake wamekwisha kuoga na jua limekwisha kuzama. Taifa linamheshimu kwa haki.

Lakini mwalimu anayeisimulia habari hiyo yampasa aifafanue. Akhwari alikuwa mtu mzima. Jeraha lake lilionekana kwa kila mtu, mwenyewe alilijua, na akili iliyoamua kuendelea ilikuwa nzima. Mtoto aliyetikisika ubongo amejeruhiwa kiungo kile kile ambacho kingemwezesha kuamua. Akisema, “Mwalimu, niko sawa,” anasema kwa kutumia chombo kilichoharibika. Neno lake la kukubali kurudi uwanjani halina uzito. Ila neno lake la kulalamika lina uzito mkubwa, kwa maana huo ndio ushahidi tulio nao.

Pamoja na habari za Akhwari tunapendekeza ziwekwe habari nyingine. Mwezi wa Julai 2021, katika Michezo ya Olimpiki mjini Tokyo, Simone Biles wa Marekani, aliyekuwa mwanasarakasi bora kuliko wote duniani katika wakati wake, alijitoa katika fainali ya timu. Alieleza kwamba akili na mwili wake havikuwa vikipatana tena awapo hewani, na katika mchezo wa namna ile kutua vibaya mara moja kwaweza kuvunja shingo. Wako waliombeza wakamwita mwoga. Katika Michezo ya Paris ya mwaka 2024 alirudi na kutwaa nishani tatu za dhahabu. Basi mtoto na ajue kwamba kuna wakati wa kuendelea na kuna wakati wa kuinua mkono na kutoka, na kwamba yote mawili huhitaji ushujaa.

Moyo wa mtoto uwanjani

Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba kati ya vijana saba wa umri wa miaka 10 hadi 19, mmoja ana matatizo ya afya ya akili. Kwa kipimo hicho darasa la saba lenye wanafunzi 70 laweza kuwa na watoto 10 wa namna hiyo. Kwa wengi wao uwanja wa michezo ni dawa, kwa sababu huwapa rafiki, usingizi mzuri na jambo la kujivunia. Lakini uwanja huo huo waweza kuwa mahali pa kujeruhiwa. Mtoto aliyekosa penalti akatukanwa mbele ya shule nzima, mtoto aliyebandikwa jina la dhihaka, msichana aliyechekwa kwa mavazi ya michezo, mtoto aliyeondolewa katika timu bila neno la maelezo: hao wote huenda nyumbani na jeraha ambalo halina bendeji.

Dalili za jeraha hilo nazo zinafundishika. Mtoto aliyependa mpira huanza kutafuta visingizio. Hujitenga, husinzia darasani, hulia au kukasirika kwa jambo dogo, huugua tumbo kila siku ya mechi, au husema maneno ya kukata tamaa. Akisema kwamba hataki kuishi, neno hilo lisichukuliwe kuwa mzaha hata siku moja. Mwalimu haombwi kumtibu. Anaombwa amsikilize faraghani, asimtangaze, asimwache peke yake, na siku ile ile amfikishe kwa mwalimu wa ushauri na unasihi, kwa mzazi anayeaminika, na kwa watumishi wa afya.

Tena majeraha haya mawili huchanganyikana. Mtoto aliyetikisika ubongo Jumamosi huenda Jumatatu akawa mkali, mwenye huzuni, msahaulifu, asiyeweza kusoma aya moja mpaka mwisho. Mwalimu asiyejua atamwona mvivu au mkaidi, na atamwadhibu kwa ugonjwa. Hapa mwalimu wa michezo na mwalimu wa darasa hawana budi kuzungumza. Wataalamu wa leo hushauri mtoto apumzike kwa siku moja au mbili za kwanza, asifungiwe gizani, kisha arudishwe katika kazi za kawaida kidogo kidogo. Na kwamba arudi kikamilifu darasani kwanza kabla ya kurudi uwanjani. Kazi fupi, muda wa kupumzika na ruhusa ya kukaa mbali na kelele zatosha kumsaidia. Wala haitakuwa na maana kumkinga mtoto na pigo la mpira halafu tumpige kofi la kichwani darasani.

Namna ya kufundisha vyuoni

Sasa tuseme ni nini hasa tunataka kifanyike. Twapendekeza kwamba kila mwanachuo, awe anapenda michezo au la, apewe vipindi vichache vya somo hili kabla ya kwenda katika mazoezi ya kufundisha, na vipindi hivyo viwe vya vitendo.

Kwanza, igizo dhima. Mwanachuo mmoja awe mtoto aliyegongwa ambaye hataki kutoka. Mwingine awe mwalimu. Wengine wawe mashabiki wanaopiga kelele, na mmoja awe mzazi mwenye hasira. Mwalimu na ajizoeze kuuliza maswali rahisi: Tuko uwanja gani? Hiki ni kipindi cha kwanza au cha pili? Nani amefunga goli la mwisho? Mechi iliyopita tulicheza na nani? Lakini afundishwe pia kwamba maswali hayo ni ya kumtoa mtoto, si ya kumrudisha. Anayeshindwa kujibu ameumia; anayejibu sawasawa, lakini ana dalili nyingine, naye hutolewa.

Pili, kila mwanachuo azijue kwa moyo dalili za hatari zinazodai hospitali bila kuchelewa, nazo ni kuzirai, degedege, kutapika mara kwa mara, kichwa kinachozidi kuuma, kuona vitu viwili viwili, kufa ganzi au kulegea kwa mikono na miguu, maumivu ya shingo, na fadhaa au usingizi usio wa kawaida. Mwenye maumivu ya shingo asiinuliwe wala kuburutwa na watu wasiojua, maadamu mahali alipo ni salama. Mtoto asiye na dalili hizo naye apelekwe zahanati kuangaliwa, na mzazi aambiwe kwa maandishi asimwache peke yake katika saa 24 za kwanza.

Tatu, daftari la michezo. Humo liandikwe jina la mtoto, tarehe, jinsi alivyoumia, dalili zilizoonekana, na siku aliyoruhusiwa kurudi. Walimu huhamishwa na kumbukumbu za vichwani huhama nao. Daftari hubaki.

Nne, na hili ndilo kubwa, mbinu ya kuwafundisha watoto kusema. Kabla ya msimu wa michezo mwalimu awakusanye wachezaji awaeleze dalili kwa lugha yao, kisha awape wajibu wa kulindana: anayemwona mwenzake ameumia amwambie mwalimu, wala huko si kusengenya. Siku mtoto wa kwanza atakapojitokeza, timu nzima itakuwa ikimtazama mwalimu. Akimshukuru mtoto yule mbele ya wenzake, amefundisha somo ambalo halitasahauliwa. Akimkaripia, hatapata mwingine wa kusema. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Nasi tukumbuke kwamba mara nyingi mtoto huficha maradhi kwa sababu amemwogopa mtu mzima.

Wako watakaosema kwamba mihtasari ya vyuo imejaa, na kwamba vijijini daktari yuko mbali. Jibu letu ni kwamba umbali wa daktari huongeza wajibu wa mwalimu. Palipo na gari la wagonjwa karibu na uwanja, kosa la mwalimu laweza kusahihishwa na wengine. Pasipo na gari, hakuna wa kulisahihisha. Wengine watasema kwamba watoto watajifunza kujisingizia ili wakwepe mazoezi. Huenda wakawapo. Lakini tukimwamini mtoto anayejisingizia tunapoteza dakika ishirini za mazoezi. Tusipomwamini aliyeumia kweli twaweza kumpoteza mtoto.

Iko pingamizi moja tunayoikubali kuwa nzito. Mwalimu kijana peke yake hawezi kushindana na mkuu wa shule, mratibu elimu kata na kijiji kizima wanaotaka kombe. Kwa hiyo kanuni ya kumtoa mchezaji isiachwe iwe huruma ya mtu mmoja. Ipitishwe na shule, isomwe katika mkutano wa wazazi kabla ya mashindano, na isainiwe na mkuu wa shule. Hapo mwalimu atakapomtoa mfungaji wake bora hatakuwa amefanya uamuzi wake binafsi. Atakuwa ametekeleza uliokwisha kufanywa na wote, katika siku ya utulivu, kabla ya damu kuchemka.

Ndugu wanachuo, baadhi yenu mtapangiwa shule ambako hamtapata jezi, wala nyavu, wala sanduku la huduma ya kwanza. Itawabidi kuyadai, na mchango wa wazazi huenda ukachukua miaka. Jambo tunalolizungumza hapa halingoji mchango. Siku moja fainali ya kata itakuwa katika dakika za mwisho, timu zikiwa sare, na mtoto atasogea ukingoni mwa uwanja aseme, “Mwalimu, kichwa kinaniuma.” Wakati ule hapatakuwa na nafasi ya kufikiri. Jibu lake lazima liwe limekwisha kuandaliwa huku chuoni: “Umefanya vema kusema. Toka, keti hapa karibu nami.”